Mkwara na Mlango wa Nyuma

Ndugu msikilizaji, tuanzie Quebec, nchini Canada, mwezi wa Oktoba 2012. Wabunge kutoka pande zote za dunia wamekusanyika kwenye mkutano wa Umoja wa Mabunge Duniani. Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi mwenyeji, John Baird, anahutubia, na badala ya kuishia kwenye makaribisho anaitaja Uganda kwa jina. Anamtaja David Kato, mwanaharakati aliyeuawa Januari 2011, na anausema muswada wa kuwaadhibu watu wa mapenzi ya jinsia moja uliokuwa Bungeni Kampala. Ukumbini yumo Spika wa Bunge hilo, Rebecca Kadaga, naye hakunyamaza. Alimjibu Waziri kwamba Uganda si koloni la Canada, na kama Canada inayapenda hayo basi yawe ya Canada.

Aliporudi nyumbani, Entebbe palifurika. Walikuja viongozi wa dini, walikuja wanasiasa, walikuja na watu wa kawaida kumshangilia. Mwezi uliofuata Kadaga akaahidi kwamba muswada utapitishwa uwe zawadi ya Krismasi kwa Waganda. Ulipita tarehe 20 Desemba 2013. Krismasi ilikuwa ya mwaka mwingine, lakini zawadi ilifika.

Kabla sijaendelea, niseme ninakokwenda, maana mada hii ikitajwa redioni kuna nyumba sauti inapunguzwa na kuna nyumba sauti inaongezwa. Sikuja kukuhubiria wewe na familia yako. Nataka tuitazame kazi ya mabalozi na mawaziri wa nje: nchi moja ikitunga sheria na nchi nyingine ikachukizwa nayo, huyu aliyechukizwa hufanya nini, na baada ya hapo hutokea nini? Nimeyafuatilia haya kwa miaka, na ninachokiamini sasa ni hiki. Mkwara wa hadharani humfaa anayeupiga, na humfaa anayepigiwa. Asiyefaidika nao ni yule anayesemekana kutetewa. Na pale mtawala aliporudi nyuma, alitoka kwa mlango wa nyuma bila kamera, na mara nyingi aliyeufungua mlango huo hakuwa balozi.

Turudi kwenye ule muswada. Uliletwa na mbunge David Bahati Oktoba 2009, na ulikuwa na adhabu ya kifo ndani yake. Mwezi mmoja baadaye wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana Trinidad, na Rais Museveni akabanwa faraghani. Waziri Mkuu wa Canada, Stephen Harper, alimwendea na jambo hilo. Gordon Brown wa Uingereza naye alimwendea. Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akapiga simu. Januari 2010 Museveni aliwasimulia wenzake wa chama cha NRM, kwa ule utani wake wa mzee wa boma, kwamba kila mkubwa anayeonana naye siku hizi hana mazungumzo mengine ila mashoga. Akawaambia jambo hili si siasa za ndani tu, ni mambo ya nje pia, kwa hiyo waende nalo taratibu.

Wakaenda taratibu kweli. Bunge la wakati ule lilimaliza muda wake mwaka 2011 muswada ukiwa haujapigiwa kura, na ulipoletwa upya mwaka 2012 bado serikali haikuwa na haraka nao. Kwa hiyo simu na mazungumzo ya pembeni yaliuweka kabatini miaka mitatu, kisha hotuba moja ya jukwaani ikauchokoza. Sisemi ni Baird peke yake. Makanisa yalikuwepo, uchaguzi ulikuwepo, na Kadaga mwenyewe alikuwa na mvutano wake na wakubwa wa chama. Lakini mwanasiasa hutafuta jukwaa la kusimamia, na hili lake alijengewa na Waziri wa Canada bila kudaiwa hata senti.

Hapa kuna jambo linalotakiwa kuelezwa, kwa sababu bila hilo ugomvi wote unaonekana kama Mzungu upande huu na Mwafrika upande ule. Sheria za zamani zinazoadhibu mambo haya katika nchi zetu, Tanzania, Kenya na Uganda, hazikutoka kwa wazee wetu chini ya mti. Ziliandikwa na Waingereza, wakiiga kanuni za adhabu walizokuwa wameshazitumia India na kwingineko. Uingereza yenyewe ilifuta adhabu hiyo mwaka 1967, na hiyo ni England na Wales tu. Uskochi ilingoja mpaka 1980. Aprili 2018, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini London, Waziri Mkuu Theresa May alikiri kwamba anasikitishwa sana na sheria hizo zilizoachwa na nchi yake. Ilikuwa kauli ya kiungwana. Ila fikiria balozi wa Uingereza anayeingia ofisi ya waziri Mwafrika kulalamikia sheria ambayo babu yake aliipiga mhuri. Hata akisema kweli, meno yanapungua.

Na upande wa pili nao una wageni wake. Machi 2009 mhubiri wa Kimarekani, Scott Lively, alikuja Kampala kuzungumza kwenye semina kuhusu hatari ya ushoga kwa familia. Muswada wa Bahati ukafuata Oktoba. Waganda waliochukizwa na semina ile walimfungulia Lively kesi mahakamani Massachusetts, huko huko kwao. Hivyo mtu anaposema tunakataa kuletewa mambo ya Marekani, ni haki kumuuliza: yapi, maana Marekani ilituletea yote mawili.

Mwaka 2011 ndipo mkwara ulipopanda daraja. Mwezi Oktoba, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia, Waziri Mkuu David Cameron alisema nchi zinazopokea misaada ya Uingereza zitalazimika kuheshimu haki za mashoga, la sivyo misaada mingine itapunguzwa. Mnakumbuka jinsi kauli hiyo ilivyopokelewa kwetu. Marehemu Bernard Membe, akiwa Waziri wetu wa Mambo ya Nje, alisema Tanzania haiko tayari, na kwamba mambo ya namna hii yanaweza kuivunja Jumuiya ya Madola. Rais John Atta Mills wa Ghana alisema hatakubali. Kampala walilalamika kwamba wanatendewa kama watoto. Kwa wiki nzima kila mwanasiasa wa Afrika aliyekuwa na shida nyumbani kwake alipata la kusema bila gharama yoyote.

Lililotangazwa kidogo ni barua ya mwezi ule ule. Wanaharakati na mashirika ya Kiafrika, wakiwemo wanaotetea hao hao watu ambao Cameron alisema anawatetea, walitoa tamko la pamoja wakimtaka aache. Walisema misaada ikikatwa kwa jina lao, dawa zikipungua hospitalini, jirani hatamlaumu London. Atamlaumu mtu anayeishi chumba cha pili. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaotuhumiwa kuiondoa asali mezani huwa hatarini zaidi. Hiyo ni hoja ya watu wanaoishi humu, wanaojua kuwa hasira ikipanda ndio watakaofikiwa kwanza. Nadhani ndiyo hoja yenye akili kuliko zote zilizotolewa mwaka ule, na haikupewa hata robo ya nafasi iliyopewa kauli ya Cameron.

Sasa tufike Februari 2014. Museveni, yule yule aliyewaambia wenzake waende taratibu, anaitia saini sheria hadharani Ikulu ya Entebbe tarehe 24, waandishi wa kigeni wakiwa wamealikwa kushuhudia. Siku nane kabla, Rais Obama alikuwa ametoa onyo la maandishi kwamba uhusiano wa nchi mbili utaingia dosari. Kwa mtu aliyepigiwa simu kimya kimya mwaka 2009 na akasikia, onyo la hadharani lilimfanya asaini mbele ya kamera. Kesho yake gazeti moja la Kampala lilichapisha majina ya watu liliodai ni mashoga wakubwa mia mbili wa nchi hiyo.

Wafadhili walijibu. Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden zilisitisha fedha au kuzipitishia njia nyingine nje ya serikali. Benki ya Dunia ikaahirisha mkopo wa dola milioni 90, na mkopo huo, msikilizaji, ulikuwa wa afya, sehemu yake kubwa ikiwa ni huduma za wajawazito na watoto wachanga. Mwezi Juni Marekani ikatangaza kuwanyima viza baadhi ya watu na kufuta mazoezi ya kijeshi yaliyokuwa yamepangwa. Mwezi huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likamchagua Sam Kutesa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda, kuwa Rais wake. Diplomasia ina mlango wa kufungia na mlango wa kufungulia, na yote miwili inaweza kutumika mwezi mmoja.

Kisha ikaja tarehe 1 Agosti 2014. Mahakama ya Katiba ya Uganda ikaifuta sheria, si kwa sababu inavunja haki za binadamu, bali kwa sababu siku ile ya Desemba Bungeni hapakuwa na akidi. Wabunge hawakutimia. Waziri Mkuu Amama Mbabazi alikuwa amesimama siku ile ile akaulizia akidi, Spika Kadaga akaendelea na kura. Siku tatu baada ya hukumu, Washington ilikuwa inafungua mkutano wa viongozi wa Marekani na Afrika, na Museveni alikuwa mgeni mwalikwa. Serikali haikukata rufaa hadi mwisho wala haikukimbilia kuirudisha sheria Bungeni. Miezi miwili baadaye Museveni aliandika gazetini kwamba suala sasa si mataifa ya nje yanasema nini; ni biashara, ni nani atanunua bidhaa za Uganda.

Angalieni uzuri wa akidi. Hakuna aliyeshindwa. Rais hakupiga magoti mbele ya Obama, Bunge halikusema lilikosea, wachungaji hawakuambiwa wamekosa, na watu waliokuwa wanalala na mabegi tayari wakapata kupumua. Waliofungua mlango huo walikuwa Waganda: profesa wa sheria, mwandishi wa habari, mbunge, wanaharakati, waliokwenda mahakamani kwa majina yao. Nitarudi kwao.

Kwetu Tanzania tuliliona hili kwa macho yetu mwaka 2018. Mwishoni mwa Oktoba, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati ule, Paul Makonda, aliita waandishi akatangaza kikosi kazi cha kuwasaka mashoga, akawataka wananchi watume majina. Baadaye akasema ujumbe umemiminika kwa maelfu. Alisema anajua mataifa fulani yatakasirika, ila heri kuwakasirisha hao kuliko kumkasirisha Mungu. Mnaona? Mkwara wa wafadhili ulikuwa haujafika, lakini alikwisha kuuweka kwenye hotuba, kwa sababu bila huo hotuba ingepungua utamu.

Michelle Bachelet, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, akalaani. Ubalozi wa Marekani ukawaonya raia wake, ukawataka wapitie na kurasa zao za mitandao. Balozi wa Umoja wa Ulaya, Roeland van de Geer, aliitwa Brussels, na Umoja ukatangaza kuupitia upya uhusiano wake na Tanzania. Denmark ikazuia kroner milioni 65. Benki ya Dunia ilisimamisha safari za kikazi za maofisa wake kuja nchini, na mkopo wa dola milioni 300 wa elimu ya sekondari ukakwama, ingawa huo mzizi wake mkubwa ulikuwa wasichana wanaofukuzwa shule kwa kupata mimba.

Lakini jibu lililotuliza mambo lilikuwa karatasi moja ya Wizara yetu ya Mambo ya Nje, iliyotoka Jumapili tarehe 4 Novemba. Ilisema aliyoyatamka Mkuu wa Mkoa ni mawazo yake binafsi, si msimamo wa Serikali, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoisaini. Basi. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna aliyeomba radhi, hakuna kifungu cha sheria kilichoguswa; Kanuni ya Adhabu ilibaki na adhabu zake za miaka 30 hadi maisha. Kati ya siku ile na katikati ya mwezi, Makamu wa Rais wa Benki ya Dunia anayeshughulikia Afrika, Hafez Ghanem, alikuwa Ikulu na Rais Magufuli, na baada ya kupewa uhakikisho Benki ikasema safari za maofisa wake zitaendelea. Mwisho wa mwezi ule ule, Hayati Magufuli akizindua maktaba iliyojengwa na Wachina pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwasifu Wachina kwamba misaada yao haina masharti. Palikuwa na makofi mengi, na Wazungu walioambiwa hawakuhitaji kutajwa.

Yaani kila mmoja alipata chake. Kopenhagen walipata kichwa cha habari, Ikulu ilipata makofi ya Mlimani, Wizara ikapata utulivu wake. Na wale waliosakwa? Siku zile zile huko Pongwe, Zanzibar, wanaume kumi walikamatwa kwa kudhaniwa tu, wakaachiwa baadaye. Vituo vilivyokuwa vinatoa huduma za UKIMWI kwa watu hawa vilishafungwa tangu Februari 2017, vituo 40. Tamko la mawazo binafsi halikuvifungua.

Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku Makonda kuingia nchini humo, kwa maelezo ya kunyima watu haki ya kuishi, uhuru na usalama. Wengine walidhani huo ndio mwisho wake kisiasa. Mwaka 2023 alikuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, na mwaka 2024 Mkuu wa Mkoa wa Arusha. Viza ni adhabu kwa mtu anayetaka kusafiri. Kwa mpiga kura wa kawaida ambaye hana hata pasipoti, haisemi kitu.

Ukitazama kusini mwetu utaona mifano ya aina mbili. Malawi, Mei 2010, watu wawili walihukumiwa miaka 14 baada ya kufanya sherehe ya uchumba. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alikuwa na safari ya Lilongwe mwezi huo. Alikwenda, akazungumza na Rais Bingu wa Mutharika, na Rais akatoka kutangaza msamaha huku akisema kwa ukali kwamba waliyoyafanya yanapingana na mila, dini na sheria za Malawi. Aliwakaripia na kuwafungulia kwa pumzi moja. Zambia, Novemba 2019, wanaume wawili walifungwa miaka 15, na Balozi wa Marekani, Daniel Foote, akatoa tamko kali, akakumbusha na fedha ambazo nchi yake ilikuwa ikiipa Zambia kila mwaka. Rais Edgar Lungu akasema hatumtaki tena mtu huyu, na kabla ya mwaka mpya Washington ilikuwa imemrudisha. Miezi mitano baadaye, Mei 2020, wafungwa karibu elfu tatu walisamehewa na Rais, na wale wawili walikuwamo kwenye orodha. Hakuna hotuba iliyotolewa juu yao. Balozi alikwisha kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Rais ametii.

Sasa Uganda mara ya pili. Machi 2023 mbunge wa Manispaa ya Bugiri, Asuman Basalirwa, alileta muswada mpya, na wiki mbili baadaye, chini ya Spika Anita Among, ulipita ukumbi ukiwa umejaa pomoni. Somo la akidi walikuwa wamelielewa. Fox Odoi-Oywelowo, mbunge wa chama tawala, aliandika taarifa ya wachache kuupinga. Museveni akaurudisha urekebishwe kidogo, ukapita tena Mei, na tarehe 26 Mei akasaini. Nchi ikatangaziwa tarehe 29. Kifungo cha maisha kwa kitendo chenyewe, kifo kwa kile sheria inachokiita kosa lililokithiri, miaka 20 kwa kuhamasisha.

Na safari hii mkwara ulikuwa wa kweli. Rais Biden alilaani siku ile ile. Viza ya Among ikafutwa, na Desemba vizuizi vikapanuliwa hadi mamia ya wabunge na familia zao. Agosti Benki ya Dunia ikasema haitatoa mikopo mipya kwa Uganda. Museveni akajibu kwamba inataka kuwalazimisha waache imani na utamaduni wao kwa kutumia pesa. Oktoba Biden akatangaza kuitoa Uganda kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, kuanzia Januari 2024. Lakini hebu tuitazame AGOA kwa jicho la mfanyabiashara. Moja ya bidhaa kubwa za Uganda ni kahawa, na wakati ule kahawa isiyokaangwa iliingia Marekani bila ushuru, uwe na AGOA au usiwe nayo. Aliyeumia ni mwenye kiwanda kidogo cha nguo au mazao mengine, ambaye hakupigia kura muswada wowote. Na mwezi ule ule wa Januari, Kampala ilipokea mkutano wa nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na siku chache baadaye ule wa kundi la G77. Hoteli zilijaa.

Silaha moja kubwa Marekani haikuthubutu kuitumia, nayo ni PEPFAR, mpango uliokuwa unalipia sehemu kubwa ya dawa za UKIMWI Uganda tangu enzi za George Bush mtoto. Uganda ina watu wapatao milioni 1.4 wanaoishi na virusi. Ukikata dawa kuikomoa serikali, unamuua mgonjwa, na pengine mgonjwa yule yule uliyekuja kumtetea. Washington walilijua hilo, na kwa silaha hiyo wakaishia kwenye matamko. Kisha Januari 2025 Rais Trump alipoingia, misaada ya nje ikasimamishwa kwa dunia nzima, na Julai USAID ikafungwa rasmi. Silaha iliyoshikwa kwa hofu miaka miwili ilitupwa chini kwa siku moja, kwa sababu ambazo hazikuhusu Uganda kabisa. Agosti 2025 Kampala ilitangaza makubaliano na Washington ya kupokea, kwa masharti, wahamiaji wa nchi nyingine ambao Marekani inawafukuza. Na Benki ya Dunia? Juni 2025 ilisema mikopo itarudi, baada ya kuweka taratibu za kuhakikisha miradi yake haibagui mtu. Sheria iko pale pale.

Kuna jambo la pembeni linalonifurahisha kidogo, Mungu anisamehe. Aprili 2024 Uingereza ilimwekea vikwazo Spika Among, na Marekani ikafuata Mei. Sababu haikuwa sheria hii. Ilikuwa rushwa, na kwa upande wa Waingereza ni yale mabati yaliyokusudiwa kwa watu maskini wa Karamoja yakapotelea mikononi mwa wakubwa. Wakati alipoadhibiwa kwa sheria ya mashoga, Waganda wengi walimshangilia. Kwa mabati hakuna aliyemwendea Entebbe na ngoma. Kila Mganda anajua bati linauzwa kiasi gani, na anajua la nani lilikuwa.

Ghana nao walikwenda njia yao. Bunge lilipitisha muswada kama huu tarehe 28 Februari 2024. Safari hii onyo zito zaidi halikutoka ubalozi wowote. Wizara ya Fedha ya Ghana yenyewe iliandika, na waraka ukavuja, kwamba nchi inaweza kupoteza dola bilioni 3.8 za Benki ya Dunia katika miaka mitano hadi sita, wakati ikiwa inategemea mpango wa IMF kujinasua na madeni. Rais Akufo-Addo akawaambia mabalozi kwamba anasubiri Mahakama ya Juu, na Ikulu ikalitaka Bunge lisimletee hata karatasi. Mahakama ilipotoa uamuzi Desemba, uchaguzi ulikwisha kufanyika na Rais alikuwa anafungasha. Muswada ukafa na Bunge lile, hadi ulipoletwa upya mwaka 2025. Akufo-Addo hakusaini, na hakukataa. Aliyetoa onyo hilo zito alikuwa mhasibu wa nyumbani, na hakuna mwanasiasa wa Ghana aliyeweza kumwambia Ghana si koloni la Wizara ya Fedha.

Nirudi kwa wale walalamikaji wa Uganda. Mwaka 2023 walikwenda tena Mahakama ya Katiba, wengine wakiwa wale wale wa 2014: mwandishi Andrew Mwenda, mwanaharakati Frank Mugisha, mbunge Fox Odoi, na safari hii profesa Sylvia Tamale. Tarehe 3 Aprili 2024 majaji watano wakiongozwa na Naibu Jaji Mkuu Richard Buteera walikataa kuifuta sheria. Mabalozi wakasikitika kwa maandishi, na habari ikaishia hapo kwa vyombo vingi vya nje. Lakini ukiisoma hukumu utaona vifungu vinne viliondolewa. Kimojawapo kilimlazimisha mtu kuripoti polisi jirani anayemshuku. Kingine kilimtishia mwenye nyumba jela kwa kumpangisha mtu chumba.

Mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba wake Kampala mwaka 2023, na waliofukuzwa walikuwa wengi, alihitaji kifungu hicho kiondoke kuliko alivyohitaji tamko la Ikulu ya Marekani. Kiliondolewa na majaji wa Uganda, kwa maombi ya Waganda waliobeba matusi kwa majina yao kamili. Walalamikaji wakakata rufaa Mahakama ya Juu kuhusu vifungu vilivyobaki.